Motokari ya Mbio na Mkoba wa Nyumbani



Juma hili tunataka kusema nanyi juu ya jambo ambalo wengi hulizungumza barabarani, lakini wachache hulihesabu nyumbani: kununua motokari ya okazyo, na hasa ile iliyofanywa kwa kupenda mbio. Hatuji kuwakemea vijana. Motokari nzuri ni kazi ya akili na mikono ya watu, na mtu anayeitazama kwa furaha hatendi kosa lolote. Walakini macho yana kazi yao, na akili ina kazi yake. Macho hununua kwa siku moja. Mkoba hulipa miaka mingi. Kwa hiyo leo tutafundishana kuhesabu.

Tumepata barua ya bwana mmoja na bibi yake, wakaaji wa Likasi. Bwana ni mfanyakazi wa mgodi. Bibi hushona nguo nyumbani. Wana watoto watatu, na wawili kati yao wako katika masomo ya msingi. Kwa miaka minne wameweka akiba, na sasa wana dola 6000. Bwana ameonyeshwa huko Lubumbashi Toyota Altezza moja nyeupe, ya aina ya RS200, na mwenyewe anataka dola 5500. Bibi asema: afadhali tununue motokari ndogo ya kawaida, au tungoje. Wameandika barua moja wote wawili, nusu kwa mkono wa bwana, nusu kwa mkono wa bibi, nao watuuliza: nani kati yetu anasema kweli?

Tunawasifu kwanza kwa kuandika karatasi moja. Nyumba nyingi huharibika si kwa sababu ya motokari, bali kwa sababu mmoja ameinunua na mwingine ameisikia kwa jirani. Sasa tuanze kazi, na hukumu yetu itakuja mwishoni, baada ya hesabu.

Motokari yenyewe

Hununui kitu usichokijua. Altezza ilianza kuuzwa katika Japani mwaka 1998, na kazi ya kuitengeneza ikaisha mwaka 2005. Huko Ulaya na Marekani iliuzwa kwa jina la Lexus IS. Ilipotoka mara ya kwanza ilipewa tuzo ya Motokari ya Mwaka ya Japani ya 1998–1999. Ina milango minne na viti vya watu watano, lakini mwendo wake ni wa motokari ya mbio: ni ya chini, inashika kona vizuri, na nguvu ya moteri huenda kwenye magurudumu ya nyuma. Ndiyo sababu baba kijana huipenda sana. Husema moyoni: watoto wataketi nyuma, nami nitafurahi mbele.

Lakini chini ya jina moja mna motokari mbili. Ya kwanza ni AS200. Moteri yake huitwa 1G-FE, ina silinda sita na ukubwa wa lita mbili, na nguvu yake ni kama farasi 160. Ya pili ni RS200. Moteri yake ni 3S-GE, yenye silinda nne na ukubwa uleule wa lita mbili, lakini inatoa farasi hata 210 ikiwa ni ile ya kubadili gia kwa mkono. Mtu asidanganywe na maandishi ya nyuma, kwani herufi hubandikwa na kubanduliwa. Tazama namba ya shasi: ikianza kwa GXE10 ni AS200; ikianza kwa SXE10 ni RS200.

Tena fahamu namna motokari hizi zinavyotufikia. Katika Japani sheria yataka kila motokari ipimwe kwa uangalifu, mara ya kwanza baada ya miaka mitatu, na baadaye kila miaka miwili. Upimaji huo na matengenezo yake ni ghali, na motokari ikizeeka gharama zazidi. Basi Wajapani wengi huona afadhali kuiuza. Hushuka bandarini Dar es Salaam, hupita Zambia, na kuingia kwetu kwa mpaka wa Kasumbalesa. Kwa hiyo kuuzwa kwake Japani si alama ya ugonjwa. Lakini Altezza iliyo changa kuliko zote imekwisha kufikia miaka 20 hivi, na tangu siku ile iliposhuka melini imepita mikononi mwa watu ambao hatuwajui. Uzuri wa jina hauondoi uzee wa mpira na chuma.

Kutumainika maana yake nini?

Watu husema, «Toyota haifi.» Neno hilo limewaponza wengi. Hakuna motokari isiyoharibika. Motokari ya kutumainika ni ile yenye mambo matatu: huharibika mara chache, ikiharibika fundi wa mji wako anaijua, na piesi yake yapatikana bila kungoja miezi. Likikosekana jambo moja katika haya matatu, motokari yako itakaa uani ikifunikwa na vumbi, hata kama kule ilikotoka inasifiwa na wote.

Tupime zile mbili kwa kipimo hicho. Moteri 1G-FE ya AS200 ilitiwa pia katika Mark II na Crown. Basi mafundi wengi wamekwisha kuifungua, na piesi zake ni rahisi zaidi kupatikana. Ile 3S-GE ya RS200, katika sura yake hii ya mwisho, ilitiwa katika Altezza. Kichwa chake kilifanywa kwa msaada wa kampuni ya Yamaha, na ni kazi bora kabisa. Lakini kazi bora yataka fundi bora na piesi zake hasa. Kama inagonga-gonga inapowashwa asubuhi, mara nyingi ni magurudumu yale ya VVT-i yanayogeuza saa ya supapu, na kuyabadili si bei ya mchezo.

Moteri hizi mbili zina jambo moja la kuangaliwa kuliko yote: mkanda wa mpira unaozungusha supapu. Kawaida yake ni kubadilishwa kila kilomita 100 000, na mpira uliozeeka haungoji hata kilomita hizo zitimie. Katika moteri ya RS200 mkanda ukikatika njiani, pistoni hupanda na kuzigonga supapu zilizo wazi. Kwa dakika moja moteri imekuwa vyuma vya kuuza kwa mizani. Muuzaji akisema mkanda umebadilishwa, mwombe karatasi ya garaje yenye tarehe. Asipokuwa nayo, hesabu kwamba haukubadilishwa, na uuweke katika gharama za juma la kwanza, pamoja na pampu ya maji na mafuta ya moteri.

Wengine watatuuliza juu ya motokari nyingine za mbio ambazo vijana huzitamani. Tutaje tatu tu.

Toyota Celica ya 1999 hadi 2006 ina mnyororo wa chuma mahali pa mkanda, na hilo ni jema. Lakini moteri 1ZZ-FE ya miaka ya kwanza imejulikana kwa kula mafuta. Basi anayeinunua na apime kijiti cha mafuta kila juma.

Subaru Impreza WRX ina turbo na huvuta magurudumu manne. Ni imara barabarani, lakini turbo huchukia mafuta machafu, na mipira minne yapasa kuwa ya kipimo kimoja na uchakavu mmoja. Ukibadili mmoja tu unaumiza vyuma vinavyogawa nguvu. Basi gharama ya mpira mmoja huwa ya minne.

Mazda RX-8, iliyotengenezwa tangu 2003 hadi 2012, haina pistoni. Ina rota mbili za pembe tatu zinazozunguka. Moteri hiyo ilifanywa hivi kwamba ichome mafuta kidogo kwa makusudi, ili kulainisha ncha za rota. Asiyejua hayo husahau kuongeza mafuta, ncha zalika, na moteri yashindwa kuwaka ikiwa moto. Kuipima nguvu ya mbano kwataka chombo cha pekee. Ni motokari ya ajabu na ya kupendeza. Lakini kama hapana fundi wa rota karibu nawe, itazame tu ikipita.

Chakula cha kila mwezi

Sasa tuje kwenye mkoba. Bei ya kununua ni kama mahari: hutolewa mara moja, na watu wote huizungumza. Lakini nyumba huendeshwa kwa posho ya kila siku. Hatutaandika bei ya esansi hapa, kwani hupanda na kushuka. Tutahesabu kwa lita, na kila msomaji atazidisha kwa bei ya pampu ya kwao.

Tuseme mtu huenda kilomita 1000 kwa mwezi: kazini na kurudi, sokoni, Misa ya Jumapili, na mara mbili Likasi hadi Lubumbashi, njia iliyo kama kilomita 120 kwenda tu. Motokari ndogo inayokula lita 7 kwa kilomita 100 itamaliza lita 70. Motokari ya mbio inayokula lita 12 itamaliza lita 120. Tofauti ni lita 50 kila mwezi, yaani lita 600 kwa mwaka. Mama wa nyumba, chukua kalamu, zidisha lita hizo 600 kwa bei ya leo, kisha uweke jibu karibu na malipo ya masomo ya mtoto mmoja. Hapo ndipo mazungumzo ya kweli yaanza.

Si kiasi tu, bali na aina ya esansi. Moteri ya RS200 hubana hewa sana, mara 11 na nusu, na watengenezaji waliiagizia esansi bora, ile ya oktani ya juu. Katika Japani esansi ya kawaida ina oktani isiyopungua 89, na ile bora isiyopungua 96. Ukitia ya chini, esansi huwaka kabla ya saa yake. Moteri huhisi hivyo na kujizuia. Basi utakuwa umelipa farasi 210, nawe hutawaona wote. Ukinunua esansi ya chupa kando ya njia, iliyochanganywa na kitu usichokijua, shida yazidi.

Halafu mipira. Altezza nyingi za RS200 huonekana na mipira iliyoandikwa 215/45 R17. Wanafunzi wajifunze kusoma maandishi hayo. Namba 215 ni upana wa mpira kwa milimita. Namba 45 yaonyesha kwamba ubavu wake ni sehemu 45 kwa mia za upana huo, yaani kama milimita 97. Namba 17 ni kipenyo cha rimu kwa inchi. Linganisha na mpira wa 195/65 R15: ubavu wake ni kama milimita 127. Sentimita tatu hizo ndizo zinazomeza shimo la barabara. Mpira wenye ubavu mfupi hushika kona vizuri juu ya lami laini; lakini katika mashimo yetu ya masika hupasuka, na rimu hupinda. Tazama pia tarakimu nne ndani ya duara la ubavuni: 2318 maana yake ni juma la 23 la mwaka 2018. Mpira mweusi wenye kung'aa waweza kuwa mzee wa miaka kumi aliyepakwa rangi ya viatu.

Ongeza mafuta ya moteri. Ukiyabadili kila kilomita 5000, kwa mwaka wa kilomita 12 000 itakuwa mara mbili au tatu, pamoja na shujio lake. Ongeza freni, amotisere, na zile viungo vya chini vya magurudumu ya mbele, ambavyo katika Altezza vyataka kuangaliwa sana, maana kikiachia, gurudumu hulala na usukani hautii tena. Ongeza asuransi, vinyeti, kontrole tekniki na karatasi za kubadili jina. Hakuna moja katika haya linalokungoja mpaka upate mshahara mzuri.

Wazee wetu walisema: mali bila daftari huisha bila habari. Basi nunua daftari kabla ya kununua motokari.

Usukani wa kuume

Jambo hili wengi hulipita kwa kicheko, nasi hatutalipita. Japani huendesha kwa upande wa kushoto wa njia, kwa hiyo usukani wa motokari zake uko kuume. Sisi katika Kongo huendesha kwa upande wa kuume. Basi dereva wa Altezza hukaa karibu na majani, mbali na katikati ya njia.

Mjini unaweza kuzoea. Lakini tazama njia ya Likasi kwenda Kolwezi, penye malori marefu ya shaba, moja nyuma ya jingine. Dereva anayeketi kuume hawezi kuona kinachokuja mpaka motokari karibu yote imekwisha kutoka upande wake. Huyu aliye na motokari ndogo isiyo na nguvu hungoja, kwa kuwa hana la kufanya. Yule mwenye farasi 210 hujaribiwa. Nguvu humwambia: utapita. Hapo ndipo watu hufa, si kwa ubovu wa motokari bali kwa wema wake. Tena magurudumu yanayosukuma ni ya nyuma, na mvua ya kwanza juu ya vumbi jekundu hufanya njia kuwa kama sabuni.

Kwa hiyo twasema wazi: mwenye usukani wa kuume asipite lori mahali asipoona, hata akiwa na mtu kiti cha kushoto anayemwambia «Pita, pita!» Macho ya mwingine si macho yako. Tena serikali imetoa amri juu ya usukani huo na juu ya umri wa magari yanayoingia, na amri hizo hugeuzwa. Kabla ya kulipa hata dola moja, nenda dwane ukaulize mwenyewe, na uhakikishe kwamba karatasi za motokari ile ni halali.

Siku ya kuitazama

Ukiamua kwenda kuitazama, shika kawaida hizi.

1. Nenda asubuhi, na umwambie muuzaji asiiwashe kabla hujafika. Weka mkono juu ya kifuniko cha moteri. Kikiwa na moto, mtu ameficha jambo, kwani magonjwa mengi husikika moteri ikiwa baridi.

2. Fuatana na fundi wako, si fundi wa muuzaji. Mlipe kwa kazi hiyo, hata kama hamtanunua. Fundi asiyelipwa na wewe atalipwa na mwingine.

3. Tazama moshi. Wa buluu ni mafuta ya moteri yanayoungua. Mweupe mzito usiokoma ni maji yaliyoingia ndani. Mweusi ni esansi iliyozidi. Fundi na apime nguvu ya mbano ya kila silinda, zapasa kukaribiana.

4. Fungua ufunguo bila kuwasha moteri. Taa ya moteri na taa ya mifuko ya hewa zapasa kuwaka, kisha kuzimika. Isipowaka kabisa, pengine mtu ameing'oa ili usijue.

5. Usiamini namba ya kilomita peke yake, maana hurudishwa nyuma kwa urahisi. Tazama mpira wa pedali, ngozi ya usukani na kiti cha dereva. Kama vimelika kabisa, na saa yasema kilomita 60 000, basi mmoja kati yao ni mwongo, wala si kiti.

6. Kama imetoka mnadani Japani, omba karatasi ya mnada. Alama ya 4 au 4,5 ni nzuri. Alama ya R ni ya motokari iliyopata ajali ikatengenezwa. Linganisha namba ya shasi ya karatasi na ile ya chuma, herufi kwa herufi.

7. Lala chini utazame tumbo lake. Motokari ya mbio iliyokatwa springi ili ishuke zaidi, au iliyotiwa bomba la moshi la kelele, imeendeshwa na mtu wa namna fulani. Huhitaji kumwuliza jina. Motokari iliyobaki kama ilivyotoka kiwandani, hata ikiwa na rangi iliyofifia, ni afadhali kuliko ile iliyopambwa.

Hukumu yetu

Sasa twawajibu ndugu zetu wa Likasi.

Bwana, una haki kusema kwamba Altezza iliyotunzwa vema ni bora kuliko motokari ndogo iliyochoka. Uzima hupita ukubwa na udogo. Wala si aibu kwa baba mwenye kazi kupenda kitu kizuri. Bibi, una haki kusema kwamba hii moja, kwa bei hii, isinunuliwe. Mkitoa 5500 katika 6000, mtabaki na dola 500. Na dola hizo ndizo zinazongojwa na mkanda, na mipira, na asuransi, na karatasi, siku ileile ya kwanza. Kitu cha kwanza kitakachoharibika baadaye kitalipwa na malipo ya masomo ya watoto. Mtoto atarudishwa nyumbani, na motokari nyeupe itakuwa uani ikimtazama.

Kwa hiyo shikeni kanuni hii: robo ya akiba isiguswe. Katika dola 6000, dola 1500 zibaki kwa ajili ya mwaka wa kwanza, wala bei isipite 4500. Kwa bei hiyo mkipata AS200 nzima, isiyoguswa, yenye karatasi safi, na fundi wenu akaikubali, inunueni kwa amani. Lakini muijue hatari ya usukani wake katika njia ya Kolwezi. Msipoipata, nunueni ile ndogo. Ile RS200 waachieni wenye fundi wake na esansi yake.

Tena kabla ya hayo fanyeni jaribio moja. Kwa miezi mitatu, kila mshahara ukifika, tieni katika sanduku fedha yote ambayo motokari ingekula kwa mwezi: esansi, mafuta, asuransi iliyogawanywa kwa 12, na kitu kidogo kwa piesi. Bibi na aandike katika daftari. Kama baada ya miezi mitatu nyumba inakula vizuri, na watoto wako darasani, na hamkufungua sanduku usiku, basi mnaweza kuilisha motokari. Kama sanduku limefunguliwa, mmejua bila kupoteza kitu. Na fedha iliyobaki ni yenu. Muuzaji atawaambia kwamba kuna mtu mwingine anakuja kesho. Na aje. Magari ya okazyo hayatakwisha Lubumbashi.

Mwisho, hesabu kwa wanafunzi. Motokari moja hula lita 12 kwa kilomita 100, na nyingine lita 7. Kila moja huenda kilomita 15 000 kwa mwaka. Katika miaka minne, ya kwanza imekula lita ngapi zaidi kuliko ya pili? Ukipata jibu, lipeleke kwa baba na mama, uwaombe walizidishe kwa bei ya lita moja ya leo, kisha waandike jumla hiyo katika ukurasa wa kwanza wa daftari.